Imethibitishwa na Nani?

Maandishi yanayosomwa kwa makini kuliko yote katika kisiwa cha Juani si ya gazeti wala ya riwaya. Ni ule ujumbe mfupi unaoingia kwenye simu baada ya hela kutumwa au kupokelewa. Watu huusoma mara mbili, humpa jirani ausome tena, hulinganisha salio la leo na la jana, na hawaufuti kwa miezi, kwa sababu siku ya ugomvi ndio ushahidi pekee walio nao. Msomaji makini namna hiyo kila mwandishi anamtamani. Basi ujumbe huo unastahili kusomwa kama tunavyosoma shairi lolote la heshima: nani anasema, anamwambia nani, ametumia kauli gani, kipi amekitanguliza na kipi amekisukuma mwishoni. Nimeusoma hivyo kwa muda mrefu, na kadiri ninavyousoma ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba fani yake inamwonea msomaji wake.

Niseme kwanza Juani iko wapi, maana bila mahali hoja haishiki. Ni kisiwa kilicho ng'ambo ya ghuba ya Chole, kusini-mashariki mwa kisiwa kikubwa cha Mafia, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995. Ndiko yaliko magofu ya Kua, mji wa biashara ya baharini ambao misikiti na nyumba zake za mawe bado zimesimama nusunusu msituni. Mtu anayetoka Dar es Salaam hupanda gari Mbagala mpaka Nyamisati, akavuka bahari mpaka Kilindoni, akaenda Utende kwa barabara, kisha akapanda chombo tena. Hela ikisafiri njia hiyo mfukoni mwa mtu, siku inakwisha. Kwa simu haichukui hata dakika. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, watu wa visiwa vidogo kama hivi walipata kitu ambacho hakuna serikali wala benki iliyokuwa imewapa: kijana anayebeba mizigo Kariakoo anamtumia mama yake hela asubuhi, na mchana unga uko jikoni. Siidharau huduma hiyo hata kidogo. Ninayoishitaki ni sentensi inayokuja nayo.

Chukua ujumbe wa kawaida wa kutuma. Unaanza na namba ya muamala, herufi na tarakimu zilizochanganywa, ambayo haimwambii msomaji lolote. Linafuata neno moja na nukta yake: imethibitishwa. Kisha kinakuja kiasi, halafu "imetumwa kwa", jina la mpokeaji kwa herufi kubwa, tarehe na saa. Ndipo inapotokea "jumla ya makato". Mwisho kabisa, "salio lako".

Kauli ya kutendwa katika Kiswahili huacha nafasi ya mtendaji. Mlango umefungwa na mlinzi. Barua imeandikwa na Asha. Nafasi hiyo ikiachwa wazi mara moja, tunasema mwandishi amefupisha. Ikiachwa wazi kila siku, mwaka baada ya mwaka, na kila mara mtendaji aliyeachwa ni yuleyule, huo tayari ni msimamo. Imethibitishwa na nani? Ujumbe haujibu. Na unapofika kwenye jambo linalomuuma msomaji, hata kauli ya kutendwa inaondolewa. Hausemi "umekatwa", wala "tumekukata". Unasema "makato". Kitenzi kimegeuzwa nomino, na pamoja nacho vimeondoka wakati, nafsi na nafasi ya "na fulani". Makato yapo tu, kama yalivyo mawe ya pwani.

Sasa linganisha na ujumbe wa kupokea. Huo unaanza na "umepokea". Ghafla nafsi ya pili inaonekana, na ni mtenda. Hela ikiingia, wewe ndiye mhusika mkuu wa sentensi, unatenda. Ikitoka, unapotea, na hela yenyewe inashika nafasi yako: imetumwa. Unarudi mwishoni tu, ukiwa mmiliki wa kilichobaki. Kampuni haimo katika jumbe zote mbili, ingawa ndiyo iliyofanya kazi yote na ndiyo iliyochukua ujira. Lakini ikija siku ya bahati nasibu, au kifurushi kipya, au jina jipya la huduma kama ilivyokuwa Novemba 2024 Tigo ilipogeuka Yas, hapo kampuni ina mdomo: ndugu mteja, tunakujali, tunakuletea, tunakuzawadia. Nafsi ya kwanza wingi imejaa tele. Inakuja kuuza, inaondoka wakati wa kukata.

Nilimwona bibi mmoja wa Juani, msuka mikeka, akisomewa ujumbe na mjukuu wake aliye darasa la sita. Alikuwa amemtumia fundi wa Kilindoni hela ya bati. Ukili ulikuwa mapajani, vidole havikusimama, lakini alikuwa na hesabu yake kichwani na salio alilosomewa halikulingana nayo. "Soma tena, mume wangu," alimwambia mjukuu, kwa ule utani wa bibi na wajukuu. Mtoto akasoma tena, polepole, kidole kikipita chini ya kila neno. Bibi akauliza, "Nani kakata?" Mtoto akarudi kwenye kioo cha simu, akatafuta juu, akatafuta chini. "Haijaandikwa, bibi. Imeandikwa makato." Bibi akasitisha vidole. "Makato ya nani, sasa?" Mtoto hakuwa na pa kutazama tena.

Swali la bibi yule ni uhakiki kamili wa ujumbe ule. Aliuliza habari ya mtendaji, kisha akauliza habari ya mmiliki, na maandishi yalishindwa yote mawili. Wala hakuwa analalamikia ukubwa wa kiasi. Angeambiwa nani na kwa kazi gani, pengine angesuka mkeka wake akaendelea. Kinachoumiza ni kukatwa na sentensi.

Sentensi nyingine ya ukoo huohuo kila Mtanzania anaijua. Mtandao ukilala, umeme ukikatika, kivuko kikiahirishwa, tangazo linaletwa: uongozi unaomba radhi kwa usumbufu wowote uliojitokeza. Itazame vizuri. Mwenye kuomba radhi ametajwa, hilo jema. Lakini kosa halina mwenyewe. Usumbufu umejitokeza, kwa ile "ji" inayolirudisha tendo kwa mtenda: umetoka wenyewe, kwa hiari yake, pengine umewashangaza hata hao viongozi. Na neno "wowote" linaongeza kwamba msemaji hajui kama usumbufu ulikuwepo kweli. Mtu aliyelala Nyamisati na mtoto mgonjwa kwa kuwa chombo hakikuondoka anaombwa radhi kwa usumbufu ambao huenda ulikuwepo, na ambao kama ulikuwepo basi ulijileta. Katika adabu ya pwani, mtu akikukanyaga husema "nimekukanyaga, niwie radhi". Hasemi mguu wako umekanyagika.

Kuna wakati mmoja ambapo fani ya ujumbe wa miamala ilibadilika, na nchi nzima ikahisi. Tarehe 15 Julai 2021 ilianza tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, kulingana na kiasi. Ujumbe ukaanza kuyachanganua makato ndani ya mabano: ada ya kampuni ni kiasi hiki, tozo ya serikali ni kiasi hiki. Mabano yale yaliandika historia. Kwa mara ya kwanza mtumaji wa kawaida aliona kila siku, kwenye kiganja chake, kodi ikiwa na jina la anayeitoza na tarakimu yake pembeni. Watu walipiga picha za jumbe zao wakazisambaza, redio zikazungumza, wabunge wakasemeshwa majimboni. Mwezi Septemba mwaka huohuo tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Mwaka 2022 kiwango cha juu kilishushwa tena na baadhi ya tozo zikafutwa kuanzia tarehe 1 Oktoba, na bajeti ya mwaka 2023/24 ikaiondoa kwenye kutuma hela.

Najua sababu za kupungua kwake zilikuwa nyingi, na uzito wa tozo yenyewe ndio wa kwanza. Lakini msomaji wa fani hawezi kuyapita mabano. Ushuru wa bidhaa kwenye huduma za simu, ambao kwa miaka umekuwa asilimia 17, umo ndani ya bei ya kila dakika tunayoongea, na sijapata kuona mtu akiusambaza kwa picha. Hauonekani. Haujawahi kupewa mabano. Kilichofanya tozo ya 2021 ijadiliwe na bibi wa Juani na kijana wa Mwanza kwa lugha moja ni kwamba iliandikwa, peke yake, na jina la mwenyewe. Raia hawezi kubishana na nomino ya jumla. Anaweza kubishana na mstari wenye mtendaji.

Risiti ya LUKU imelifahamu hili zamani. Ukinunua umeme, kabla ya zile tarakimu 20 za tokeni, unaoneshwa gharama ya umeme, kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na tangu Agosti 2021 kodi ya jengo. Si maandishi matamu, vifupisho ni vingi, lakini kila mkono ulioingia mfukoni umeacha jina. Watu huigombeza risiti hiyo, na wana haki. Wanaigombeza kwa sababu imewapa la kushika.

Habari za biashara zinazoletwa na magazeti na redio zina ugonjwa uleule wa ujumbe wa simu, tena kwa sauti kubwa zaidi. Soma vichwa vya habari vya kurasa hizo: bei ya mafuta yapaa, shilingi yaporomoka, mapato yapaa, gharama za maisha zapanda. Kichwa cha habari cha Kiswahili kina wakati wake wa pekee, ule wa "ya-" na "wa-", unaofanya jambo lionekane linatokea sasa hivi mbele ya macho yetu. Ni wakati mzuri kwa mpira. Kwa bei ni hatari, kwa sababu bei inakuwa kiumbe chenye miguu na mabawa, inapanda yenyewe, inapaa yenyewe, na anayeipandisha hatafutwi. Mkulima wa mwani wa visiwa hivi anaposikia kwamba bei imeshuka katika soko la dunia, anaambiwa habari ya mtu asiye na uso aliye mahali pasipo na jina. Mwani ule unakwenda kutoa dutu ya kugandishia inayotiwa kwenye vyakula, vipodozi na dawa ya meno. Una wanunuzi, una mikataba, una mizani na mwenye mizani. Habari iliyoandikwa vizuri ingemwambia nani amenunua kwa kiasi gani na wapi. "Soko la dunia" linamnyamazisha.

Nitatoa mfano wa maandishi ya biashara yaliyo bora kidogo, ili nisionekane nalaumu tu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA hutangaza bei kikomo za mafuta. Tangazo hilo ni kavu, limejaa jedwali, lakini lina tarehe ya kuanza, lina mtangazaji, lina sababu zilizotajwa moja moja, na lina bei ya kila mahali. Mwezi Mei 2022 petroli ya Dar es Salaam ilipofika shilingi 3,148 kwa lita, mwenye gari aliweza kusimama kituoni na kusema: hiyo ndiyo bei, na fulani ndiye aliyeisema. Mwezi uliofuata serikali iliweka ruzuku ya shilingi bilioni 100, nayo ilipimwa kwa jedwali lilelile. Mvuvi anayenunua petroli ya mashine yake kwa chupa hana jedwali. Ana sentensi tu: mafuta yamepanda.

Na kama kuna anayedhani kuachwa nje ya sentensi ni jambo dogo la wanasarufi, aisome ibara ya 11 ya mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890. Humo Uingereza iliahidi kusaidia ili Sultani wa Zanzibar aiachie Ujerumani milki zake za bara, pamoja na kisiwa cha Mafia, kwa fidia. Hatimaye fidia hiyo ikawa mark milioni 4. Juani haikutajwa. Ilihamishwa kutoka kwa mwenye nchi mmoja hadi mwingine ikiwa ndani ya jina la jirani yake, katika sentensi ambayo wakazi wake hawamo hata kama watendwa. Ile nayo ilikuwa habari ya biashara.

Sasa nije kwa mwandishi hodari kuliko wote katika uwanja huu wa ujumbe wa hela, na ninalisema kwa uchungu, maana ni mwizi. Hakuna mwenye simu Tanzania ambaye hajapata ujumbe wa aina hii: "Ile hela tuma kwenye namba hii." Wakati mwingine huongezwa kwamba jina litakuja la fulani. Basi. Maneno sita yamewamalizia watu ada za watoto, kodi za nyumba na michango ya misiba.

Tuyasome. "Ile" ni kionyeshi cha kitu kilichokwisha kutajwa baina ya wawili. Lakini hakikutajwa. Mwizi ameacha shimo katikati ya sentensi, na msomaji ndiye anayelijaza, kwa kuwa kila mtu ana "ile" yake: anadaiwa na mwenye nyumba, amemuahidi kaka, ameambiwa na shule alipe kabla ya Ijumaa. Hakuna salamu. Pwani, mtu asiyesalimia ni ama mkorofi ama yuko katikati ya mazungumzo yaliyokwisha anza. Mwizi anamfanya msomaji achague la pili. Halafu inakuja amri, "tuma", bila tafadhali wala naomba, kwa sauti ya mtu mwenye haki ya kuamuru, kama baba au mdai wako. Na mwisho "namba hii", ambapo kionyeshi cha mbali kimebadilishwa kikawa cha karibu. Sentensi imemtoa msomaji kwenye kumbukumbu, ikamfikisha kwenye kidole, bila kumpa mahali pa kusimama na kuuliza. Yule anayeongeza habari ya jina ni fundi zaidi: amejua shaka itaingia wapi, ameijibu kabla haijaulizwa.

Kwa nini ninamlinganisha mwizi na kampuni? Kwa sababu mwizi ameelewa jambo ambalo kampuni imelikataa. Amejua kwamba kwetu hela haitembei bila uhusiano. Shilingi elfu kumi inayokwenda Juani ni ya mama, ya fundi, ya mtoto wa ndugu, ya deni la msiba. Mwizi anaandika kwa lugha ya ndugu. Kampuni, ambayo ndiyo iliyoaminiwa kubeba hela ya ndugu, inaandika kwa lugha isiyo ya mtu. Na hapa kuna madhara yasiyo ya kinadharia. Sentensi isiyo na msemaji inaweza kusemwa na yeyote. Ndiyo maana matapeli wanaotunga ujumbe bandia wa "umepokea", kisha wakapiga simu kudai wametuma kimakosa, hawapati taabu kuuiga: hamna sauti ya kuiga, hamna mkono wa mwandishi, kuna kiunzi tu. Mtu akijifanya shangazi yako katika barua ndefu utamgundua kwa namna anavyouliza habari za watoto. Mtu akijifanya "imethibitishwa" utamgundua kwa nini? Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, imeweka namba 15040 ya kupelekea ujumbe wa kitapeli bila malipo, na ni hatua ya kushukuriwa. Lakini tumeachiwa kazi ya kuwatambua waongo huku wakweli wakikataa kuwa na sura.

Kiswahili hakikuwa hivi katika mambo ya fedha. Miongoni mwa maandishi ya zamani zaidi ya Kiswahili yaliyobaki ni barua za eneo la Kilwa, jirani na Mafia kwa upande wa kusini, zilizoandikwa kuanzia mwaka 1711 kwa herufi za Kiarabu na zinazohifadhiwa Goa, India. Mwaka 1892 Mjerumani Carl Büttner alichapisha mkusanyiko mwingine wa barua na hati za Waswahili. Ukizisoma barua za pwani za aina hizo unakuta mpango wake ni uleule: kwa nani, kutoka kwa nani, salamu na kuulizana hali, ndipo "ama baada", ndipo jambo lenyewe, ndipo jina na tarehe. Jambo lenyewe laweza kuwa deni, bidhaa zilizochelewa, au mtu asiyelipa. Mkali ni mkali. Lakini ukali umevishwa nafsi mbili, mimi na wewe, na msomaji anajua wa kumjibu. Hati ya deni ilikwenda mbali zaidi: fulani mwana wa fulani amekiri kwamba anadaiwa na fulani mwana wa fulani kiasi kadhaa, mpaka muda kadhaa, na mashahidi ni hawa. Hapo hata anayekatwa ndiye msemaji wa kukatwa kwake.

Fani hiyo bado inaishi dukani. Daftari la mikopo la duka la kijijini lina kurasa za jina jina. Juu, jina la mteja, mara nyingi mama wa mtoto fulani. Chini yake, kwa kalamu ya bluu iliyofifia: unga kilo 2, sabuni nusu mche, mafuta ya kula robo, na pembeni bei ya kila kimoja. Deni likilipwa, mwenye duka anavuta mstari mmoja kutoka kushoto hadi kulia mbele ya macho ya mwenye deni, na mara nyingi mwenye deni ndiye anayesema "kata hapo". Wote wawili wanatazama ukurasa mmoja kwa wakati mmoja. Sisemi daftari halidanganyi. Wapo wenye maduka wanaoongeza robo isiyochukuliwa, na wapo wateja wanaosahau kwa makusudi. Lakini ugomvi wa daftari una watu wawili na ukurasa, na una jirani wa kuamua. Ugomvi wa "jumla ya makato" una mtu mmoja, na namba ya huduma kwa wateja inayocheza muziki.

Wenye kampuni wanaweza kusema ujumbe wa simu ni mfupi, hauna nafasi ya adabu za barua. Nimelipima dai hilo kwa uzito wote. Kikomo cha herufi 160 kilitokana na mhandisi wa Kijerumani Friedhelm Hillebrand, ambaye mwaka 1985 alichapa sentensi za kawaida kwa taipureta, akazihesabu, akaona karibu zote zinatosha humo. Alianza na namna watu wanavyosema, akatengeneza chombo kuifuata. Basi tumrudie. Tuseme bibi ametuma shilingi 10,000, kampuni imechukua 360 na serikali 10. Tarakimu ni za mfano tu. Ujumbe ungekuwa hivi:

"Tumefikisha Sh10,000 kwa fundi wako. Kwa kazi hiyo tumekukata Sh360, na serikali Sh10. Una shaka? Tupigie bure tukueleze."

Mahali pa "fundi wako" liwekwe jina lake. Vitenzi vyote vina wenyewe. Kazi imetajwa kabla ya ujira wake, kama afanyavyo fundi yeyote mwaminifu anapodai chake. Serikali imesimama peke yake na tarakimu yake, pasipo hata mabano. Swali la msomaji limekaribishwa badala ya kusubiriwa likate tamaa. Ni herufi 121, pamoja na alama na nafasi. Ukiongeza namba ya muamala yenye herufi 10 na salio, "Salio Sh12,400.", unafika 148. Zinabaki 12 za kuandika jina la kampuni.